Je, Central Park ni Msitu wa Asili?

SWALI: Mhariri, katika picha za New York huona msitu mpana uliozungukwa na maghorofa. Mwenzangu anashikilia kwamba ni msitu wa asili uliosazwa jiji lilipokuwa likijengwa, nami nina shaka. Naomba utuamue.

JIBU: Shaka yako ina msingi. Bustani hiyo, Central Park, yenye ekari 843, ni kazi ya mikono sawa na maghorofa yanayoizunguka. Mwaka 1853 bunge la jimbo liliidhinisha kutwaliwa kwa ardhi hiyo, ambayo sehemu kubwa ilikuwa vinamasi na miamba, na mwaka 1858 Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux wakashinda shindano la kuisanifu. Vinamasi vilikaushwa, miamba ikalipuliwa kwa baruti, udongo wenye rutuba ukaletwa kutoka New Jersey, na miti ikapandwa kwa mpango. Hata maziwa yake yalitengenezwa. Kijito kinachoteremka kati ya miti upande wa kaskazini, ambacho mgeni angeapa kwamba kimetoka kwenye chemchemi, hupata maji yake kwenye bomba la jiji. Ustadi ninaoustahi zaidi ni ule usioonekana: barabara nne zinazokatiza bustani zilichimbiwa chini, tangu enzi za magari ya farasi, ili msongamano wa jiji usimfikie aliyeketi kwenye nyasi.

Mwenzako apewe haki yake katika jambo moja, nalo ni mawe. Miamba ya kijivu iliyochomoza hapa na pale ni ya asili kabisa, na ukipitisha kiganja juu yake utagusa mifereji mirefu iliyochongwa na barafu kuu ilipokuwa ikijikokota katika zama za barafu.

Hata hivyo, ardhi hiyo haikuwa tupu. Upande wa magharibi palikuwa na Seneca Village, ambako Wamarekani weusi walianza kununua viwanja mwaka 1825, na kufikia 1855 palikuwa na wakazi wapatao 225, makanisa matatu na shule. Kiwanja kilikuwa na uzito wa pekee kwao, kwa kuwa sheria ya New York ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura. Wenye viwanja walilipwa fidia, ambayo baadhi yao waliilalamikia, na mwaka 1857 kijiji kikabomolewa. Wanaakiolojia walipochimba hapo mwaka 2011, waliibua msingi wa nyumba, birika la chuma na kiatu cha mtoto.