Rekebisha Nyumba Kabla ya Kustaafu, Si Baada Yake

Watu wengi wanaokaribia kustaafu huwa na orodha kichwani: nikishapumzika nitapaka rangi, nitabadilisha bafu, nitapanga upya stoo, nitaanza useremala au ushonaji ambao sikuwahi kuupatia nafasi. Mimi nimebakiza muda mfupi kazini na mume wangu amekwisha kustaafu, kwa hiyo jambo hili tumelitazama kutoka pande zote mbili. Ushauri wangu ni kuigawa orodha hiyo mafungu mawili. Kazi nzito za nyumba, hasa zile za kuvunja ukuta, kupanda paani au kumlipa fundi kwa wiki kadhaa, zifanywe wakati mshahara bado unaingia. Kazi za mikono za kujifurahisha nazo zianze mapema, ila kwa udogo, ili siku ya kuaga ofisini isikukute ukiwa mgeni katika shughuli unayoitegemea ikujazie siku nzima.

Sababu ya kwanza ni fedha, na haihitaji maelezo marefu. Ukarabati hauishii pale ulipokadiriwa. Fundi akifungua sinki hukuta bomba limeoza, na akigusa bomba hukuta ukuta umelowa. Mwenye mshahara huliziba pengo hilo mwezi unaofuata, lakini aliyekwisha kupokea mafao huliziba kwa kuchota katika akiba ambayo haitajazwa tena. Sababu ya pili ni mwili. Kukwangua dari kwa siku tatu ukiwa umeinua mikono ni kazi ambayo magoti, shingo na mabega huidai malipo yake, na deni hilo huongezeka kadiri umri unavyosogea. Kuna pia sababu ya tatu, ambayo sikuitegemea: mtu aliye kazini ana haraka, na haraka hiyo husaidia maamuzi kufikiwa. Asubuhi zikishakuwa ndefu, uchaguzi wa kigae cha bafuni unaweza kujadiliwa nyumbani mwezi mzima.

Katika kupanga kipi kitangulie, sisi tuliamua kuanza na maji. Nyumba huvumilia rangi iliyopauka na milango inayolia, lakini maji yaliyopenya huendelea kuharibu usiku na mchana bila kelele. Kabla ya kumwita fundi, inafaa kujua maji yanatoka wapi, kwa sababu kila doa lina tabia yake. Doa la darini linalokua baada ya mvua huelekeza kwenye paa au kwenye mfereji wa paa ulioziba majani. Unyevu unaopanda kutoka sakafuni na kuacha unga mweupe wa chumvi juu ya lipu mara nyingi hutoka ardhini. Doa lililo karibu na bafu au jiko, lisilojali mvua wala jua, ni la bomba. Ikiwa una mita ya maji, funga bomba zote, soma tarakimu, subiri saa moja au mbili bila mtu kutumia maji, kisha usome tena. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna mahali panapovuja.

Kuna na ukungu mweusi wa kwenye kona, hasa nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, ambao watu hudhani ni maji ya mvua kumbe ni hewa tu isiyozunguka. Njia rahisi ya kuutambua ni kukausha sehemu ndogo ya ukuta, kubandika hapo kipande cha foili ya jikoni, kuziba kingo zake zote kwa utepe wa gundi, na kukiacha kwa siku moja au mbili. Ukikuta matone juu ya foili, upande wa chumbani, unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha na kulisogeza kabati. Ukikuta umande chini ya foili, upande wa ukuta, unyevu umo ndani ya ukuta wenyewe. Jaribio hili halina gharama yoyote ya maana, nalo hukuepusha na kupaka rangi juu ya ukuta uliolowa, kazi ambayo itabanduka kabla ya mwaka kwisha.

Baada ya maji, tulitazama nyumba kwa macho ya watu watakaozeekea ndani yake. Hapa wenzangu wengi huona aibu, kana kwamba kuweka kishikio bafuni ni kukiri kushindwa. Mimi naona ni busara ya kawaida, na ni nafuu zaidi ikifanyika wakati vigae vinabadilishwa kuliko kungoja mtu aanguke kwanza. Kishikio kinachofaa hufungwa kwenye sehemu imara ya ukuta kwa skrubu ndefu, kwa sababu kinatakiwa kubeba uzito wa mtu mzima anayeteleza. Fimbo ya kutundikia taulo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, ijapokuwa ndiyo ambayo kila mtu huikamata anapopoteza mizani. Ikiwa ukuta wa bafu ni wa ubao mwepesi, mwombe fundi aweke mbao ngumu nyuma yake kabla vigae havijabandikwa, kisha upige picha ili ujue mbao hizo ziko wapi. Na kama mlango unabadilishwa, usikubali mwembamba tena. Uwazi wa sentimita 80 na zaidi humpitisha mtu mwenye gongo, au anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, bila kuchubua vidole vyake.

Mwanga nao hudharauliwa sana. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoingia katika jicho la kijana wa miaka 20, kwa kuwa mboni haipanuki kama zamani na lenzi imeanza kuwa na umanjano. Maana yake ni kwamba taa iliyowatosha mlipohamia huenda haiwatoshi sasa, na wala si kwamba umekuwa mvivu wa kusoma. Ongezeni taa pale kazi inapofanyika: juu ya meza ya kukatia, kando ya kiti cha kusomea, kwenye ngazi. Swichi ya ngazi iwepo juu na chini, na ukingo wa kila kidato upakwe rangi inayotofautiana na kidato chenyewe. Kazi ya nyaya mwachie fundi umeme, hata kama una hakika unaijua.

Kupaka rangi, kwa upande mwingine, ni kazi ambayo mtu asiye fundi anaweza kuifanya vizuri akiwa na subira, na kwangu ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia kwenye kazi za mikono. Sehemu kubwa yake si kupaka bali ni kuandaa: kuosha mafuta na vumbi, kukwangua rangi inayobanduka, kuziba nyufa, kupiga msasa, kufuta vumbi tena, kisha kupaka rangi ya msingi na kuiacha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Anza na dari, fuata kuta, malizia na mbao. Usichague rangi kwa kutazama kadi ya dukani. Paka kiraka kikubwa ukutani, ukitazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwa zimewashwa, maana rangi moja huweza kuwa na sura tatu. Katika nyumba ya zamani kuna tahadhari moja ya ziada. Rangi za miaka iliyopita mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Rangi ya aina hiyo isipigwe msasa mkavu, na wajukuu wasiwepo wakati inapokwanguliwa. Kuhusu ngazi ya kuegemeza, kanuni ni nyepesi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 mbali na ukuta.

Yote hayo ni rahisi kuliko kugawana nyumba. Mume wangu alipostaafu, nyumba yetu ilikuwa bado imepangwa kwa ajili ya watu wanaoondoka asubuhi na kurudi jioni. Sebule ilikuwa ya kupumzikia usiku na meza moja ilikuwa ya kila kitu. Kumbe mtu mmoja anayeshinda nyumbani anahitaji mahali pake pa kuachia kazi bila kuiondoa kila wakati wa kula, na watu wawili wanahitaji mahali pawili. Mume wangu alichagua kuchora kwa rangi za maji, kazi safi na ya kimya, mimi nikachagua useremala, ambao una vumbi na kelele. Kwa hiyo yeye alipata chumba, mimi nikapata kibanda cha nyuma, na tukakubaliana kwamba msumeno haulii wakati wa usingizi wake wa mchana. Makubaliano madogo kama haya yanafaa kusemwa kwa maneno, kwa sababu wanandoa wa muda mrefu hudhani wameelewana katika mambo ambayo hawajawahi kuyazungumza.

Chumba alichokipata kilikuwa cha binti yetu. Yeye ana nyumba yake na familia yake, lakini mtoto akiondoka nyumbani haina maana kwamba chumba chake kimeondoka moyoni mwake. Ushauri wangu hapa ni mmoja: mwambieni kabla ya kuhamisha kitu chochote, mkamwulize anachotaka kibaki. Binti yetu hakujali kitanda wala kabati la nguo. Alichotaka ni kuhakikishiwa kwamba akija na watoto watakuwa na mahali pa kulala, na alitaka meza yake ya kusomea isigawiwe mtu. Tuliweka kitanda cha kukunja kinachoegemezwa ukutani, na meza ile ndiyo baba yake anayochorea, jambo ambalo naamini lilimfurahisha kuliko alivyokiri. Rangi, gundi, visu na patasi vyote hukaa kwenye kabati lenye kufuli, kwa maana mjukuu wa miaka minne hufungua kila kilichoko usawa wa mkono wake.

Kuhusu kazi yenyewe ya mikono, sitajifanya mwalimu, ila yapo mambo ambayo ningependa kila anayeanza useremala uzeeni ayajue mapema. Mbao hazifi kabisa. Hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa, na mwendo huo hutokea kwa upana wa ubao, karibu usitokee kwa urefu wake. Ndiyo maana droo iliyobana vizuri wakati wa ukavu hugoma kufunguka majira ya mvua, na ndiyo maana fundi hodari huacha nafasi ndogo pembeni, na hatii gundi kwenye ubao wa katikati ya mlango wa kabati bali huuacha ucheze ndani ya mfuo wake. Nilipolielewa hilo, nilianza kuziangalia samani zote za nyumbani kwa heshima mpya. Msasa nao huenda kwa ngazi: namba 80, kisha 120, kisha 180, daima kwa kufuata mshipa wa mbao, na anayeruka ngazi ataiona mikwaruzo yake mara tu vanishi inapokauka.

Mambo mawili ya usalama siyapunguzi. Vumbi la mbao si uchafu tu: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi hilo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa inayokaa sawasawa usoni, na fagia baada ya kunyunyiza maji kidogo. La pili ni matambara yaliyolowa mafuta ya mbegu za kitani, ambayo wengi huyatumia kung'arishia mbao. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na matambara yakirundikwa pamoja joto hilo huweza kuwasha moto lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke, au yatumbukize ndani ya maji katika kopo la bati lenye mfuniko.

Kila anayeona kiti nilichotengeneza huniuliza nitauza kwa kiasi gani. Najua swali hilo lina nia njema, na wapo wastaafu ambao kipato cha ziada ni lazima kwao; hao wasikilize hesabu zao, si maneno yangu. Lakini kwa yule ambaye mafao yake yanamtosha, ningemsihi asiharakishe kuigeuza furaha yake kuwa mradi. Mteja ana tarehe, ana malalamiko, ana ladha yake, na mtu aliyetumikia tarehe za wengine kwa zaidi ya miaka 30 anastahili kutengeneza kiti kibaya kwa ajili yake mwenyewe. Ukitaka kukutana na watu, jiunge na darasa la jioni au kikundi cha wenye kupenda jambo hilo hilo, na ufanye hivyo ukiwa bado kazini, kwa sababu marafiki wengi wa ofisini hubaki ofisini.

Mwisho, nunueni daftari la nyumba. La kwetu lina namba za rangi ya kila chumba, tarehe ambazo paa lilikaguliwa, na picha za mabomba na nyaya zilizopigwa kabla lipu haijazifunika. Lina pia mchoro alioufanya mume wangu, wenye kupendeza kuliko inavyohitajika, unaoonyesha ilipo koki kuu ya maji na kikata umeme. Wote wawili tumekwisha kuifunga na kuifungua koki hiyo kwa mikono yetu, na binti yetu naye alifanya hivyo alipokuja mara ya mwisho.