Kabla hujaweka hati ya nyumba dhamana, tuambie nani amerudi kununua

Mkuu, usisaini. Mengine tutaongea, ila hiyo karatasi ya mkopo usiisaini.

Kwa mnaofika sasa: mleta mada anasema biashara yake ya kutengeneza mafuta ya nywele imekufa mara mbili na anataka kuifufua kwa mara ya tatu, safari hii "kwa ukubwa". Barua ya kuacha kazi ameshaiandika, mzee wake amekubali hati ya nyumba iende benki, na anatuuliza mambo manne: asome vitabu gani vya kumtia moyo, atafute mbia au aende peke yake, asajili kampuni au jina la biashara tu, na wajasiriamali wakubwa waliwezaje kuvumilia hadi wakatoboa. Chini yake watu wamejipanga kumwandikia "komaa mkuu", "kukata tamaa ni dhambi", "mvumilivu hula mbivu". Nimezisoma hizo komaa-komaa zenu damu ikanichemka, kwa sababu mimi nilikomaa. Nilikomaa mpaka mlinzi wa benki akawa ananisalimia kwa jina.

Nilikuwa natengeneza sabuni ya maji. Awamu ya kwanza iliisha yote ndani ya muda mfupi na nikaandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, SOKO LIPO. Walionunua walikuwa dada yangu, shemeji, wafanyakazi wenzangu, majirani, na mama mmoja rafiki wa mama yangu ambaye nina hakika mpaka leo hajaifungua. Hao walinunua undugu, sabuni ilikuwa nyongeza. Awamu iliyofuata ikachukua muda mrefu zaidi kuisha, na iliyofuata hiyo ikabaki stoo.

Sasa sikilizeni kosa lilipokuwa, maana ni dogo mpaka linauma. Sabuni ya maji huwa unaifanya nzito kwa chumvi. Unaongeza kidogo, unakoroga, inazidi kuwa nzito, unaongeza tena. Lakini kuna kikomo. Ukikipita, chumvi ileile iliyokuwa inaikaza inaanza kuilegeza, na ukiona imelegea ukadhani haijatosha ukaongeza nyingine, umeiua kabisa. Mimi nilikuwa napima chumvi kwa kiganja. Kwa hiyo ndoo moja ilitoka safi, ya pili ikatoka majimaji, ya tatu ikakaa vizuri siku chache halafu ikajitenga. Mteja aliyepata chupa nzuri mwezi huu, mwezi ujao alipata maji yenye rangi na harufu ya limao. Asingerudi, na hakurudi. Dawa yake ilikuwa mzani mdogo wa kupimia gramu na kalamu ya kuandika vipimo. Basi.

Nilinunua mzani? Thubutu. Nilikwenda semina.

Huyo mhamasishaji simtaji, na sitaki mnitumie jina lake huku mnacheka. Shati limenyooka, kipaza sauti kimeshikizwa shavuni, anatembea jukwaani kama mwenye haraka ya kupanda ndege. Wakati wa maswali nikasimama nikamwambia ukweli: mauzo yanashuka, wateja hawarudi. Akanijibu mbele ya ukumbi mzima kwamba tatizo langu nafikiria kidogo, ndiyo maana napata kidogo. Kisha akashusha hadithi ya Fred Smith wa FedEx: kampuni changa ya kusafirisha vifurushi kwa ndege, miaka ya 1970, akaunti imebaki na dola 5,000, hela ya mafuta ya ndege hakuna, jamaa akaenda Las Vegas akacheza karata akarudi na dola 27,000, ndege zikaruka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na mimi nilipiga makofi, tena nimesimama.

Hadithi hiyo Smith mwenyewe aliisimulia, siipingi. Ninachopinga ni kupewa karata za kamari kama somo la uvumilivu. Waliokwenda meza hizohizo na dola zao za mwisho wakatoka mikono mitupu, nani anawaalika jukwaani? Wakati wa vita vya pili vya dunia jeshi la Marekani lilikuwa linachunguza matundu ya risasi kwenye ndege zilizorudi, ili wajue pa kuongeza chuma. Mtaalamu wa takwimu, Abraham Wald, akawaonyesha kwamba ndege za kufikiria ni zile ambazo hazikurudi, na kwamba sehemu zisizo na matundu kwenye hizi zilizorudi ndizo za kuimarisha, maana zilizopigwa pale zimeanguka. Ukumbi wa semina umejaa ndege zilizorudi tu.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye sana. Mtu yule hakuniuliza swali hata moja kuhusu sabuni. Inakaaje, inanukiaje, nani aliyeacha kununua na alisemaje. Hakuna. Halafu angalieni biashara yake mwenyewe: wateja wake walikuwa wanarudi, kiingilio wanalipa tena na tena, mimi nikiwemo. Kanuni nitakayowapa hapa chini yeye alikuwa anaiishi, akatuuzia nyingine.

Nikaenda kukopa. Dhamana ilikuwa kiwanja alichoniachia baba. Afisa mikopo alikuwa mpole ajabu, akaniletea na maji ya kunywa. Alichouliza ni eneo la kiwanja, jina lililo kwenye hati, na kama kuna mgogoro. Sabuni naye hakuiuliza, na yeye simlaumu sana, kazi yake ni kuhakikisha hela inarudi, na kiwanja kilikuwa kinatosha kuirudisha. Ila wewe mleta mada unaposema "benki wamekubali, maana yake wazo langu wameliona lina nguvu", nakuomba usirudie hiyo sentensi mbele ya watu. Wameona nyumba ya mzee wako ina nguvu.

Nikanunua tangi lenye mota, mashine ya kujazia chupa, na maboksi ya lebo zinazong'aa. Na nikaendelea kupima chumvi kwa kiganja, viganja vingi tu sasa. Kosa lililokuwa linaharibu ndoo moja likaanza kuharibu tangi zima kwa mkupuo. Tangi halikuwa na la kusaidia hapo, lilikoroga nilichoweka.

Kuna mwenye duka mmoja nilimwachia katoni kadhaa kwa mali kauli. Nilipofuata hela yangu akachukua chupa moja, akaifungua, akaipindua juu ya beseni. Sabuni inayofaa inashuka taratibu, inavutika. Hii ilidondoka yote mara moja, pwaa. Hakunifokea. Alifuta kidole kwenye kitambaa, akasukuma katoni upande wangu wa kaunta, akaendelea kumhudumia mtu mwingine. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nilisikia sauti ya semina kichwani, "wenye mafanikio ni wale waliokataa kusimama", nikatafuta mkopo wa pili wa kulipia matangazo ya redio na kupooza marejesho ya ule wa kwanza. Matangazo yalifanya kazi vizuri mno. Watu wengi wapya waliinunua sabuni mbovu kwa wakati mmoja.

Kiwanja kikauzwa. Siku hizi kina nyumba ya watu, nzuri kweli, ina na maua. Nikipita hapo huwa nina kitu muhimu sana cha kuangalia kwenye simu. Lebo bado ninazo, kama kuna mdau anahitaji karatasi ya kung'aa ya kufunikia madaftari aje tuyajenge.

Kanuni ni hii, na ndiyo pekee niliyonayo: usikope hata senti kwa ajili ya bidhaa ambayo mtu asiye ndugu wala rafiki yako hajarudi kuinunua, kwa bei kamili, bila wewe kumkumbusha. Mteja wa kwanza anaweza kuwa huruma, anaweza kuwa udadisi, anaweza kuwa tangazo. Anayerudi ameshaitumia. Kama hawarudi, huna tatizo la mtaji, una tatizo la bidhaa, na mtaji ukiletwa hapo unakwenda kusambaza tatizo.

Najua mtaniletea James Dyson, kila mtu humu anamleta. Sawa, tumlete. Alitengeneza mifano ya majaribio 5,127 ya mashine yake ya kufyonza vumbi, ule wa mwisho ndio ukafanya kazi alivyotaka. Madeni alikuwa nayo hadi shingoni, mshahara wa mke wake wa kufundisha sanaa ukawa unawabeba, hilo silifichi. Lakini tazama hiyo mifano ilikuwa nini. Wa kwanza ulikuwa wa boksi la karatasi ngumu na gundi ya utepe, ameuchomeka kwenye mashine ya kawaida ya nyumbani. Alijenga kwa mikono yake, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati ili ajue ni kipi kilicholeta mabadiliko. Angejenga kiwanda kwa kila mfano, angeishia wa pili na sisi tusingemjua. Wewe unataka kwenda jaribio la tatu, nyumba ya mzee ikiwa ndani yake, na hujatuambia ni kitu gani kimoja umebadilisha tangu la pili.

Edison naye mnamtaja kwa balbu tu. Miaka ya 1890 alizamisha zaidi ya dola milioni mbili kwenye mradi wa kutenganisha chuma na mawe kwa sumaku huko New Jersey, akauza hisa zake za kampuni ya umeme ya General Electric kuulisha. Alivumilia karibu muongo mzima. Wakati huo Minnesota lilipatikana eneo lenye chuma kingi cha kuchimbwa kwa urahisi, bei ikaanguka, na uvumilivu wake haukuwa na la kufanya. Akafunga, akabeba ujuzi wa zile mashine za kusaga mawe akaingia kwenye saruji. Mwingine ni Stewart Butterfield: mwaka 2012 aliufunga mchezo wake wa mtandaoni, Glitch, hela za wawekezaji zikiwa bado zipo, akijua hauendi. Programu ya mawasiliano ambayo timu yake ilikuwa imejitengenezea wakati wa kuujenga mchezo ndiyo ikawa Slack, ile ya wafanyakazi kuandikiana ujumbe kazini. Angekomaa kama mnavyomshauri huyu ndugu, zile hela zingeishia kwenye Glitch.

Mimi nilirudi kuajiriwa. Mshahara ukaanza kulipa deni, na usiku nikarudi kwenye ndoo moja, na mzani nikanunua hatimaye, siku ya kuulipia nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akaniangalia vibaya. Mwanamke mmoja mwenye biashara ya kufua nguo alichukua dumu moja, akarudi akachukua lingine, halafu akaanza kunipigia simu yeye, kuuliza mbona nimechelewa. Hiyo simu ya malalamiko ilinifurahisha kuliko makofi yote ya ule ukumbi. Tangi la sasa nimelinunua kwa faida, ni dogo, limetumika, lina kutu miguuni. Sijawa tajiri. Nalala.

Swali lako la vitabu sina jibu. La mbia nalo... kuna lingine uliuliza, usajili sijui, wadau wengine watakujaza.

Unachoweza kufanya kesho asubuhi, kabla hata ya kupeleka barua kwa bosi: chukua daftari lako la mauzo ya awamu zote mbili. Wafute ndugu, marafiki, na wote uliowapunguzia bei. Waliobaki, weka alama kwa kila aliyechukua chupa ya pili mwenyewe. Wasio na alama wapigie, usiwauzie kitu, waulize tu chupa ya kwanza waliifanyia nini na iko wapi sasa hivi. Kisha rudi hapa utuandikie idadi, majina yao baki nayo. Nitakuwa nachungulia huu uzi.