Jibu: Nimetubu, mbona bado namwona Mungu yuko mbali?

Ndugu, umeuliza kama toba yako inahesabika wakati pesa ya kikundi uliyoichukua hujairudisha. Mungu hayuko mbali. Zaburi 34:18 inasema yu karibu na waliovunjika moyo. Ila toba ina miguu. Taja dhambi kwa jina lake: "niliiba", si "niliteleza". Kisha rudisha. Hesabu 5:7 inadai kiasi chote na sehemu ya tano juu yake, yaani laki moja inakuwa laki na ishirini elfu. Zakayo, mtoza ushuru tajiri (Luka 19:8), aliahidi kurudisha mara nne ya alichonyang'anya. Huo si ununuzi wa msamaha, ni tunda lake. Huna zote? Mweleze mweka hazina, mpange awamu. Wengi hukwama hapa: wanarudia sala ileile kila usiku wakingoja kuhisi kitu, huku deni limelala.