Kiti Kisikae Mlangoni: Kwa Wanasihi Wapya Mnaofika Bethlehem

Wiki iliyopita nilimsindikiza mmoja wenu katika ziara yake ya kwanza kwa kijana aliyeachiwa kutoka Ofer, gereza la Waisraeli, na kabla kahawa haijapoa alikwisha kufungua daftari na kuuliza, "Walikupiga?" Nilitamani kumfinya. Sikumfinya, kwa kuwa mimi nilianza vibaya kuliko yeye. Basi nayaandika haya kwa upendo, na kwa subira kidogo iliyonibakia.

1. Jueni kijana ametoka wapi. Watoto wa Kipalestina wa Ukingo wa Magharibi hushtakiwa katika mahakama za kijeshi za Israel kuanzia umri wa miaka 12, wengi kwa kosa la kurusha mawe. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2013 ilikadiria kuwa watoto wapatao 700 hukamatwa kila mwaka, na ikaeleza mambo mtakayoyasikia nyumba hadi nyumba: askari usiku wa manane, pingu za plastiki, kitambaa machoni, mahojiano bila mzazi wala wakili, na mwishoni karatasi ya maungamo iliyoandikwa kwa Kiebrania, ambayo mtoto huisaini bila kuweza kuisoma.

2. Fomu ya ridhaa. Hapa ndipo nilipoharibu. Mvulana alikuwa na miaka 15, siku ya nne tangu atoke, na sebule ilijaa majirani na sinia za vitamu. Kwa kuwa ofisini tulisisitiziwa kwamba jalada lisirudi bila fomu, niliwaomba wageni watoke, nikafunga mlango kwa ajili ya faragha, nikavuta kiti nikaketi kati yake na mlango huo, mkalimani nikamweka nyuma yake, kisha nikaanza dodoso swali baada ya swali. Alijibu yote kwa adabu, kwa maneno mawili matatu, nami nikafurahi moyoni kwamba nimepata kijana mwenye ushirikiano. Nilipotoa fomu, iliyoandikwa kwa Kiarabu chepesi kabisa, aliivuta kwake, hakuisoma hata mstari mmoja, akauliza kwa sauti ya chini, "Ammo, nisaini wapi?"

Ammo ndiye ami yetu hii hii ya Pwani. Laiti ningeichana karatasi ile pale pale. Nilimwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini, naye akasaini. Usiku huo, mama yake alinieleza baadaye, alilala amevaa jinzi na viatu, kwa sababu mara ya kwanza walimchukua akiwa na nguo za kulalia. Kwa wiki saba hakutaka kuniona.

3. Msimwite shujaa. Mtaa mzima umeshamwita hivyo, na shujaa hana ruhusa ya kukojoa kitandani.

4. Nendeni shuleni mapema kuomba masomo ya fidia, na asiyeitaka tena Tawjihi, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, apelekwe ufundi bila kuhubiriwa.

5. Msimtajishe jina la mtu mwingine yeyote. Aliyetoka mapema hushukiwa na rafiki zake kwamba amekubali kuwa mpelelezi wa Waisraeli, na swali lenu moja la kizembe laweza kummaliza.

6. Baba. Yeye alisimama pale mwanawe akichukuliwa, na nyumba nzima inalijua hilo pasipo kulitamka; Jerusalem Mashariki huenda hata akawekwa mlinzi wa mwanawe katika kifungo cha nyumbani. Mpeni kazi katika mpango wenu. Wiki ya nane ni baba wa yule mvulana aliyenipigia simu, akisema wanatengeneza tangi la maji juu ya paa na tochi haina wa kuishika. Nilikwenda bila mfuko wala mkalimani, nikashika tochi saa nzima, tukazungumzia valvu kwa Kiarabu changu kibovu ambacho kijana alikicheka waziwazi. Tuliposhuka aliniuliza kama ile karatasi bado ninayo. Kesho yake niliileta. Akaisoma yote, kidole kikifuata mstari, akasema kipengele cha nne hakitaki. Tukakifuta.