Hardtop inatangatanga kwenye lami: kabla ya kununua boksi, ingia chini ya gari

SWALI: Fundi, shikamoo. Naendesha Land Cruiser HZJ78 ya mwaka 2003, tunapeleka wageni Ngorongoro na Serengeti. Bosi aliinyanyua inchi 2 kwa springi mpya. Tangu hapo, kwenye lami ya Makuyuni kuja Arusha, nikivuka 70 gari linatangatanga, mikono haipumziki kwenye usukani. Usukani wenyewe una mchezo, na nikitoka kwenye kona haurudi hadi niurudishe mimi. Mara mbili nimekanyaga shimo, mbele kote kukaanza kutetemeka vibaya mpaka nikasimama. Fundi wetu ameweka shokapu mpya ya stelingi na amekaza stelingi boksi (kisanduku cha meno kinachopokea mzunguko wa usukani) zaidi ya mara moja. Bado. Sasa bosi anataka kununua boksi nyingine. Nimshauri nini? – Dereva, Karatu

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mshauri hela ya boksi aiache mfukoni kwanza. Huenda boksi ikawa imechoka kweli, lakini kwa maelezo yako haiwezi kuwa ya kwanza kushukiwa.

Umenitajia mambo matatu: mchezo, usukani usiorudi, na ule mtetemeko baada ya shimo. Yanaonekana kama ugonjwa mmoja, ila kila moja lina chanzo chake. Mchezo unatokana na kitu kilicholegea. Usukani usiorudi unatokana na pembe ya ekseli iliyoharibika au kitu kilichokazwa kupita kiasi, na wewe pengine una vyote viwili. Mtetemeko huzaliwa pale ulegevu unapokutana na tairi isiyo na balansi.

Anza na kisichogharimu kitu. Pima upepo wa matairi asubuhi kabla hujatembea. Madereva wa safari mnapunguza upepo ili kuvuka mawimbi ya barabara ya Naabi, mkirudi kwenye lami mnasahau kuurudisha. Tairi laini ya 7.50R16 inajikunja ubavuni na gari linaogelea hata kama stelingi yote ni mpya. Rudisha upepo kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango, kisha jaribu tena barabara ileile.

Kama bado linatanga, tafuta mtu wa kukaa kwenye usukani. Gari lisimame kwa matairi yake chini, usilipige jeki, breki ya mkono ikiwa juu na vigingi nyuma ya matairi. Injini iwake ili pawa ifanye kazi. Yeye auzungushe usukani kidogo kushoto na kulia, kiasi cha kuamsha matairi tu bila kuyageuza. Wewe lala chini na tochi, uangalie kiungo kimoja kimoja kuanzia juu: jointi ya shafti ya usukani, shafti inayoingia kwenye boksi, mkono wa pitimani unaotoka kwenye boksi, ncha mbili za draglinki (fimbo inayotoka pitimani kwenda kwenye tairi), ncha mbili za tairodi (fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele), mpaka kwenye nako, kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachogeuka pamoja na tairi. Panapocheza utapaona, na pasipoonekana weka kidole juu ya kiungo, utapasikia. Pande mbili za kiungo kizima zinakwenda pamoja. Kiungo kibovu, upande mmoja unatangulia na mwingine unafuata. Tazama pia chesisi pale boksi ilipofungwa. Magari ya watalii yamebeba bodi nzito juu ya barabara mbovu, na nimeona nyufa pale zilizofichwa na matope. Ukikuta ufa, gari halitoki gereji.

Boksi inahukumiwa hapohapo, kwa macho. Shafti ya juu ikizunguka na pitimani ikabaki imetulia kwa muda, basi mchezo ni wa boksi. Zikienda pamoja, boksi iache. Na usitafute usukani usiocheza kabisa. Gari la ekseli nzima (bomba moja kutoka tairi hadi tairi) lenye boksi ya gololi, sentimita 2 au 3 ukingoni mwa usukani si ugonjwa.

Wakati huohuo itazame panadi, ile fimbo ndefu inayovuka kutoka chesisi hadi kwenye ekseli. HZJ78 ina springi za koili mbele, kwa hiyo panadi ndiyo pekee inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Usukani unapochezeshwa, ukiona bodi inakwenda ubavuni kabla matairi hayajageuka, bushi za panadi zimekwisha au tundu la bolti limepanuka na kuwa kama yai. Hiki ndicho chanzo nambari moja cha mtetemeko kama wako, na ndicho mafundi wengi hawakiangalii kwa sababu hakimo kwenye fimbo za stelingi. Bushi ni za bei nafuu. Tundu likishapanuka, kukaza bolti hakusaidii. Linajazwa na kuchongwa upya na mtu anayejua kuchomea, au mabano yanabadilishwa. (Wenye HZJ75 za zamani, zenye springi za majani mbele, hawana panadi ya aina hii. Wao wakague bushi za springi na shekeli, U-bolti, na bolti ya katikati ya majani, maana ikikatika ekseli inakaa upande.)

Sasa piga jeki, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu, urudie. Mchezo ukipotea breki inapokanyagwa, ni beringi za tairi ndani ya habu, yaani kitovu cha tairi. Mchezo ukibaki, ni beringi za kingpini, zile pini za juu na chini ambazo nako inageukia. Sababu ni kwamba breki inaifunga habu na nako kuwa kitu kimoja, kwa hiyo kinachobaki kucheza kiko ndani zaidi ya habu. Jaribio hili la dakika moja linaokoa hela nyingi, maana nimeona watu wakibadilisha beringi za tairi mara mbili huku mbovu ni za kingpini.

Kwenye nako ya Toyota nikae kidogo, kwa sababu ndipo magari ya njia yenu yanapofia. Ule mpira wa chuma mwishoni mwa ekseli ukiufuta kwa kidole, unatakiwa uache utando mwembamba wa grisi. Ukikuta oili inatiririka, nyembamba, nyeusi, inachuruzika mpaka kwenye rimu, sili ya ndani imekufa na oili ya difu imeingia kwenye grisi. Grisi imekuwa mchuzi. Beringi za kingpini hazijapata grisi ya kweli kwa muda, na zitakuwa zimeanza kujichimbia vishimo. Hapo hakuna njia ya mkato: nako inafunguliwa, beringi na sili zinabadilishwa pande zote mbili, na shimu (vibati vyembamba vya kupangia nafasi) za juu na chini zinapangwa upya kwa kupima uzito wa kuivuta nako kwa mizani ya springi, kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Fundi anayefunga bila mizani anabahatisha. Ikilegea, gari litatetemeka. Ikibana mno, usukani hautarudi.

Ukiwa hapo, angalia mkono wa stelingi ulioshikwa kwenye nako kwa stadi nne (bolti zisizo na kichwa) zenye koni washa, yaani washa zenye umbo la koni. Tafuta mstari wa vumbi jekundu kama kutu kuzunguka nati. Hilo si vumbi la Manyara. Ni chuma kinachosuguana na chuma, maana yake stadi zimelegea na mkono unatembea. Stadi ikishatembea inakatika, na ikikatika tairi linageuka linakotaka. Usiridhike kuzikaza tena. Toa zote, weka mpya, safisha mafuta kwenye matundu, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Na sitaki kusikia habari ya kuchomea mkono, draglinki wala tairodi. Kilichopinda au kupasuka kinatupwa. Kila nati ya ncha iwe na kota pini yake, si kipande cha waya.

Tuje kwenye usukani usiorudi. Ekseli ya mbele imeshikwa kwenye chesisi na mikono miwili mirefu, na kingpini zimelazwa nyuma kidogo. Ulalo huo tunauita kasta. Ni jambo lilelile la foku ya baiskeli: kwa kuwa tairi linagusa ardhi nyuma ya mstari wa foku, baiskeli inanyooka yenyewe ukiachia mikono. Kasta ya kiwandani kwenye magari haya ni digrii chache tu. Ukinyanyua gari, mikono ile inazunguka kwenye bushi zake za chesisi, na ekseli nzima inazunguka nayo, kingpini zikisimama wima. Inchi 2 zinaondoa takriban digrii 2 mpaka 3. Yaani bosi wako aliponunua springi, aliuza karibu kasta yote. Matairi hayana tena kinachoyarudisha katikati, kila mfereji wa lori kwenye lami unayapeleka.

Dawa yake ni bushi za kasta, ambazo tundu lake haliko katikati, zinazoingia kwenye mikono hiyo, upande wa ekseli. Zina alama ya mwelekeo. Zikifungwa kinyume zitaongeza ugonjwa, na nimelipokea gari la namna hiyo likitokea gereji nyingine. Chagua za mpira, si zile ngumu za plastiki, kama gari linafanya kazi porini. Ngumu zinaibana ekseli isijipinde na zinaumiza mabano. Kwa ndugu zetu wa springi za majani, kasta inarudishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli, iliyowekwa kwa namna itakayokilaza kichwa cha kingpini nyuma, huku ukiangalia pembe ya propela isiharibike. Usizidishe vilevile. Kasta nyingi mno inafanya usukani kuwa mzito na inaweza yenyewe kualika mtetemeko.

Boksi mliyoikaza, irudisheni. Meno ya boksi yametengenezwa yabane zaidi katikati, kwa hiyo skrubu ya juu inarekebishwa matairi yakiwa yamenyooka, draglinki ikiwa imetolewa, robo ya mzunguko au pungufu, kisha usukani unazungushwa mwisho hadi mwisho kuhakikisha haukwami popote. Fundi wenu kwa kukaza kila mara alikuwa anafukuza mchezo wa panadi kwa skrubu ya boksi. Kama baada ya kulegeza boksi inacheza katikati na ukikaza inakwama pembeni, hapo sawa, imekwisha, bosi anunue.

Shokapu ya stelingi haina kosa, ila haitibu. Kazi yake ni kupunguza mapigo ya mawe. Mpya inaficha ulegevu kwa wiki kadhaa, halafu nayo inakufa.

Alaimenti iwe ya mwisho kabisa, baada ya kila kilicholegea kubadilishwa. Kwenye ekseli nzima kinachorekebishwa kwa tairodi ni jinsi matairi yanavyobana kwa mbele, milimita 1 hadi 3 hivi. Lakini mashine inasoma kasta pia, mwambie fundi wa alaimenti akuchapishie karatasi. Na usukani ukikaa upande, unanyooshwa kwa kurefusha au kufupisha draglinki. Akianza kuchomoa usukani autie meno mengine, mzuie. Boksi itakuwa inafanya kazi nje ya katikati yake.

Mpaka hapo, ukishikwa na ule mtetemeko njiani, usikanyage breki kwa hofu wala usipigane na usukani. Ushike kwa uthabiti, achia mafuta, acha gari lipungue taratibu, toka barabarani. Na wageni usiwapakie kabla panadi na stadi hazijakaguliwa.

Karatasi ya kasta ukiipata nitumie namba za kushoto na kulia, pamoja na urefu wa gari kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi. Nitakwambia bushi za digrii ngapi zinakufaa.