Je, kwaya inaweza kubadili maneno ya Utukufu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwalimu wetu wa kwaya ametunga Utukufu, ule wimbo wa sifa wa mwanzoni mwa Misa, mtamu sana; kanisa zima huitikia kwa vigelegele. Paroko ameukataa, anasema maneno si ya Misale, kitabu rasmi cha sala za Misa. Kama tunamtolea Mungu kilicho kizuri, kosa liko wapi?

JIBU: Milele na milele, amina. Paroko wenu yuko sahihi, ila muziki hauna hatia, wala vigelegele. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 53, yanakataza kuweka maneno mengine mahali pa yale ya Utukufu. Kwa wimbo wa mwanzo, wa matoleo au wa Komunyo mnaweza kuchagua, mradi maneno yawe yameidhinishwa, kwa kuwa nyimbo hizo husindikiza maandamano. Utukufu hausindikizi kitu; kuuimba ndilo tendo lenyewe.

Tazameni ulivyojengwa. Unaanza na wimbo wa malaika usiku wa Bethlehemu (Lk 2:14), kisha vitenzi vinafuatana: tunakusifu, tunakuheshimu, tunakuabudu, tunakutukuza, tunakushukuru. Tunamshukuru kwa lipi? Si kwa mvua wala kwa kupona, bali kwa ajili ya utukufu wake mkuu, yaani kwa kuwa yeye ni Mungu, basi. Halafu wimbo unamgeukia Mwana na sauti inashuka: mara mbili anaitwa mwenye kuondoa dhambi za dunia, mara moja mwenye kuketi kuume kwa Baba, na mara mbili tunaomba huruma. Watunzi wanaoandika upya mara nyingi hubakiza mstari wa malaika, wakajaza aleluya, na sehemu hii ya kuomba huruma ikapotea. Hapo furaha imebaki bila aliyetukomboa. Kwangu mimi huo ni upungufu wa uzuri kabla hata ya kuwa uvunjaji wa kanuni.

Kuhusu urefu, Papa Pio X aliandika tarehe 22 Novemba 1903 kwamba Utukufu na Nasadiki (ungamo la imani) ziwe fupi kiasi, kwa desturi ya nyimbo za Kigregori. Kiitikio kati ya mafungu hakiharibu kitu, lakini kikirudi mara sita kinakata sentensi vipande vipande, na padre anabaki amesimama akisubiri kwaya imalize.

Mwalimu aangalie pia mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: u-tu-KU-fu, tu-na-ku-tu-KU-za. Pigo zito na noti ndefu viangukie hapo. Tuni ikiazimwa kwenye wimbo wa Kizungu unaoishia kwa pigo zito, utasikia „utukuFUUU‟, na muumini wa benchi la nyuma haelewi kimeimbwa nini. Dawa ni kusoma maneno kwa sauti bila kinanda, kupigia mstari kila silabi yenye mkazo, ndipo noti zitafutwe.

Kwaya inaruhusiwa kuuimba Utukufu peke yake, au kupokezana na waumini. Wimbo wa “Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu” ni tofauti: huo ni wa watu wote pamoja na padre, hivyo sauti nne zisizoweza kufuatwa na waumini hazifai pale.

Kazi ya mwalimu wenu isitupwe. Achukue tuni yake, aweke maneno kamili ya Misale, arefushe au afupishe mistari ya tuni panapohitajika. Yale maneno yake mwenyewe, yakiidhinishwa na Askofu, yanaweza kuwa wimbo wa shukrani baada ya Komunyo, ambapo namba 88 ya Maelekezo hayo inaruhusu jumuiya yote kuimba utenzi wa sifa. Wakati wa mazoezi kumbukeni kwamba Dominika za Majilio na Kwaresima hazina Utukufu, lakini sherehe ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, inao hata katikati ya Kwaresima. Kwaya nyingi husahau siku hiyo.