Marejeo au marejeleo? Na ikisiri je?

Msomaji mmoja wa mwaka wa tatu chuoni kaniandikia hivi: “Shikamoo mwalimu. Naandika ripoti ya utafiti, naangalia magazeti ya Kiswahili yanavyoandika habari za wakimbizi wa Burundi kurudi kwao. Mwisho wa kazi niliweka kichwa MAREJEO, msimamizi kakata kwa wino mwekundu kaandika MAREJELEO, wakati vitabu vingi vya zamani nimekuta marejeo. Kule mwanzo niliandika MUHTASARI, napo kakata kaweka IKISIRI. Nimekosea kweli au ni mapenzi yake tu?”

Marahaba mdogo wangu. Hujakosea, ila msimamizi wako ana sababu, na ni nzuri.

Neno mama ni rejea, tumelitoa Kiarabu, maana yake rudi. Sasa angalia vitenzi vyetu kama tembea, pokea, ongea, ingia, ukivitia kwenye kauli ya kutendea inatokea L ambayo mwanzo huioni, unapata tembelea, pokelea, ongelea, ingilia, na huyu rejea japo kaja kutoka Uarabuni kajipanga foleni hiyohiyo na wenyeji akawa rejelea. Mimi hapo huwa nafurahi kila nikifundisha, maana unaona kabisa lugha inavyompokea mgeni na kumfundisha mila za nyumbani. Kwa hiyo kurejea ni kurudi tu, kurejelea ni kukiendea kitu fulani ili ukitumie au ukitaje, ndo hicho unachofanya ukimtaja mwandishi kwenye kazi yako. Na rejelea inazaa marejeleo kama endelea inavyozaa maendeleo.

Waliochapa marejeo hawakuharibu kitu, limetumika miaka mingi na wasomaji wanalielewa, na kama mwongozo wa idara yako ungekuwa unalitaka ningekwambia uliache. Lakini wewe kazi yako yenyewe ni ya watu kurudi kwao! Sura nzima umeandika “marejeo ya wakimbizi” halafu mwisho neno hilohilo liwe orodha ya vitabu, msomaji unamchosha bure.

Jingine la hukohuko, wanafunzi wengi mnaandika “rejea Jedwali la 3” wakati jedwali lenyewe liko kurasa mbili mbele. Rejea inamwambia mtu arudi nyuma, sasa atarudi wapi? Kama liko mbele andika tazama, inatosha. Na tafadhali sana msiandike “kutokana na” mwandishi fulani mkiwa na maana kwamba ndivyo alivyosema, hiyo ni kwa mujibu wa, kutokana na inaeleza chanzo cha jambo.

Tuje kwenye ikisiri. Ikisiri na muhtasari ni ndugu kwa maana, yote mawili yanahusu kufupisha, ila huyu muhtasari tumemtwisha kazi nyingi mno, kuna muhtasari wa kikao, muhtasari wa somo anaotumia mwalimu wa sekondari, muhtasari wa taarifa ya habari. Ikisiri wanataaluma wameitengea kazi moja tu, ile aya ya mwanzo inayosema umetafiti nini, kwa njia gani na umepata nini, na ukifungua makala kwenye majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Kiswahili au Mulika utaikuta juu kabisa. Kwa hiyo hapo mfuate msimamizi.

Sasa ukikaa kwenye kompyuta kurekebisha usije ukabofya badilisha zote kwa mkupuo. Pitia moja moja hata kama usiku utaisha, la sivyo “marejeo ya wakimbizi” kule katikati yatageuka “marejeleo ya wakimbizi”, na hapo ndo utakuwa umekosea kweli.